Spidi imeganda kwenye 94? Anza na waya

Jamani hili naona linawasumbua watu bure. Mtu kalipia intaneti ya megabiti 300 au 500, kaachana na waifai kabisa kachomeka waya toka kwenye rauta hadi kwenye kompyuta ili aipate yote, anapima 94, anapima tena 93, anasubiri usiku wa manane anapima, 94 tena, basi anaanza kugombana na kampuni ya intaneti. Wakati hiyo namba yenyewe ishakwambia shida iko wapi. Laini iliyozidiwa na watu haitulii hivyo, jioni inakuwa mbovu alfajiri inakuwa safi. Ikiganda pale pale kwenye tisini na kitu jua waya wako unaongea kwa megabiti 100 badala ya 1000, na hizo chache zinazopungua zinaliwa na vile data inavyofungashwa njiani.

Ndani ya waya wa netiweki kuna nyuzi 8 zimesokotwa mbili mbili. Gigabiti, yaani hiyo 1000, inazitaka zote, ila 100 inaridhika na 4 tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo ukikatika uzi mmoja wa bluu huko ndani, mara nyingi rauta na kompyuta zinaelewana kimya kimya zishuke hadi 100, taa inawaka kama kawaida, kurasa zinafunguka, na wewe huambiwi kitu. Wa kwangu shida ilikuwa kichwani, kale kaplastiki ka kushikilia kalishavunjika, ukiusukuma waya kwa kidole inapanda 1000, ukiuachia inarudi 100. Hapo hata uzime rauta na kuiwasha mpaka kesho.

Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, ingia Ethernet, utaona spidi ya kiungo (link speed), yaani spidi ambayo kompyuta na rauta zimeelewana, kama ni 100/100 badilisha waya kwanza. Soma maandishi ubavuni, yawe Cat 5e au Cat 6, na usizidi mita 100. Waya mpya haujasaidia? Angalia hizo tundu zenyewe, kuna rauta za bei rahisi tundu zote ni za 100, hata uchomeke waya wa dhahabu. Swichi ya netiweki (kile kiboksi cha kugawa waya) kuukuu iliyojificha nyuma ya meza nayo inatosha kukuharibia kila kitu.

Kama kiungo kinasema 1000 na bado inajikokota, hiyo ni kesi nyingine. Zima VPN, ile programu ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine. Halafu ingia kwenye rauta uzime QoS (kile cha kupanga nani apewe intaneti kwanza) na ule ulinzi wa watoto kwa muda, maana kwenye rauta nyingi vitu hivyo vinailazimisha prosesa ikague pakiti moja moja wakati ni kaprosesa kadogo tu. Na usichanganye megabiti na megabaiti, laini ya 500 ikiwa inadaunlodi kwa megabaiti 60 kwa sekunde iko sawa kabisa, gawanya kwa 8 uone.

La mwisho ruka rauta, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye modemu, kile kifaa kinachopokea laini ya kampuni, upime. Ikiruka juu, rauta ndiyo mchawi. Ikibaki chini vile vile na waya ni mzima, haya sasa wapigie, na uwaambie mapema kwamba umeshapima bila rauta maana la kwanza kukuuliza ni hilo.