Nilivyohamishia hesabu za kikoba mtandaoni

Nilipochaguliwa kuwa mweka hazina wa kikoba chetu, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: "Andika kwenye Excel, halafu rusha faili kwenye grupu la WhatsApp." Ulitoka kwa mtu anayejiita fundi, na ulitutesa mzunguko mzima. Mimi narusha faili, katibu analifungua kwenye simu yake na kuongeza marejesho, mwenyekiti naye anasahihisha faini kwenye nakala yake. Siku ya mkutano tuna "Kikoba Mpya", "Kikoba Mpya 2" na "Kikoba Mwisho Kabisa", kila moja na jumla yake, na wanachama wamekaa wanasubiri mikopo. Dawa ya fundi? Tununue laptopu ya kikundi, laki saba hivi. Nilikataa. Laptopu ikiibiwa, hesabu zimekwenda nayo.

Nikafungua jedwali kwenye Google Sheets kwa simu yangu hii hii, bure. Faili halikai kwa mtu. Linatunzwa kwenye kompyuta za kampuni ya Google zinazowaka usiku na mchana, sisi tunalifikia kwa intaneti. Ukiandika 20,000 kwenye kisanduku, simu haipeleki faili zima. Inapeleka badiliko lile dogo tu, na katibu analiona papo hapo bila kufungua ukurasa upya. Ndiyo maana hata bando dogo linatosha. Wanachama wote wanaruhusiwa kutazama. Kuandika ni mimi na katibu peke yetu. Hapo msilegeze, hata kama mnaaminiana.

Kilichonipa heshima ni historia ya kisanduku. Mama mmoja alisimama mkutanoni: "Mweka hazina, marejesho yangu ya mwezi uliopita yako wapi?" Nikaazima laptopu ya mtoto wa mwenyekiti, nikabofya kisanduku chake kwa kitufe cha kulia, nikafungua historia. Kila mtu akaona: nani kaandika, lini, kilikuwa kiasi gani, kikawa nini. Pesa yake iliandikwa, ikafutika katibu alipokuwa anasahihisha mstari wa jirani. Tukalinganisha na namba ya muamala ya M-Pesa, ambayo naiandika kando ya kila malipo, tukairudisha. Zamani swali kama lile lingekula mkutano wote na watu wangeondoka wamenuniana.

Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini zinazoleta intaneti, EASSy na SEACOM, zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Tulikuwa na mkutano. Nilishaliwekea jedwali lipatikane nje ya mtandao, kwa hiyo tulikusanya hisa kama kawaida, nikaandika kwenye simu, na mtandao ulipokaa sawa yote yakapanda yenyewe. Katibu nilimwomba asiandike chochote siku ile, tusije tukagongana.

Sasa kikoba cha mtaa wa pili kimeniomba nikifungulie jedwali la kwao. Nimewaambia waanze na akaunti ya kikundi, si ya mtu binafsi, na wawashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia, kabla hawajaandika shilingi ya kwanza.