Kipeuo cha pili cha 3

Nimefunga sta-delta kiwandani kwa miaka 11: mota inawashwa koili zake zikiwa zimeungwa kwa sta ili isivute mkondo mkubwa, kisha zinahamishiwa delta. Nipe kontakta tatu, taima na overload, nakufungia huku napiga soga. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza kufundisha chuoni niliingia kifua mbele, nikachora saketi yote ubaoni bila kushika karatasi.

Binti mmoja wa safu ya pili akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Kwenye sta volti za koili zinapungua kwa kipeuo cha pili cha 3. Mbona mkondo wa kuwashia unapungua mara tatu nzima?"

Kwamba ni mara tatu, nilijua. Nimeupima kwa klampu, kipimo cha mkondo cha kubana waya, mpaka nimechoka. Lakini kwa nini? Nikabaki nimeshika chaki.

Nyuma alikaa mkufunzi msaidizi, kijana aliyemaliza shahada akabakizwa hapohapo chuoni. "Injinia, niruhusu." Akaandika mistari minne. Koili iliyokuwa ikipata volti 400 kwenye delta, kwenye sta inapata 231, kwa hiyo mkondo wake unagawanywa kwa kipeuo hicho. Tena kwenye delta mkondo wa laini ni mkubwa kuliko wa koili kwa kipeuo hichohicho, ilhali kwenye sta ni sawasawa. Kipeuo mara kipeuo, tatu. Akarudi kukaa. Hata hakunicheka.

Mchana tukaingia karakana. Mota inaunguruma, haizunguki. Kijana kafungua daftari, anakokotoa nguvu ya kuzungusha. "Zima kwanza, mdogo wangu, utaiunguza!" Mlio ule nimeamshwa nao usiku mara nyingi: fezi moja kati ya tatu haipo, yaani waya mmoja hauleti umeme. Tukakuta fyuzi ya kati imekatika. Tukabadili, ikazunguka.

Yeye ana GPA ya kuajiriwa, 3.8 na zaidi. Yangu ni 3.1, kwa hiyo mimi ni wa kulipwa kwa kipindi tu, na usajili wangu wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwenye usaili hakuna aliyeuulizia. (Mke wangu anasema ningesoma zaidi na kucheza bao kidogo. Sawa.) Yeye naye akitaka kupanda cheo atahesabiwa makala alizochapisha, si mota alizowasha.

Siku hizi usiku narudia kitabu cha mwaka wa pili. Yeye ameniomba nimtafutie nafasi kiwandani wanafunzi watakapokwenda PT, mafunzo kwa vitendo, naye avae ovaroli. Msimamizi wa zamu ameniuliza: kwenye barua tumwandike mwanafunzi au mwalimu? Bado sijamjibu.