Nukta ilipoangukia kwa bibi

Ni Jumapili usiku na kanga yangu bado inanuka mawese. Nataka niyaandike haya kabla sijalala, maana kesho nikishafungua duka mambo ya wateja yatayafunika.

Jana tulikwenda kwenye nukta.

Nianze na sisi wenyewe. Tuko watano, tuliosoma darasa moja sekondari hapa Kigoma. Mimi nina duka la vifaa vya shule Mwanga, mmoja ni fundi kompyuta, mmoja nesi, mmoja anauza dagaa Katonga, na wa tano ni mwalimu aliyehamishiwa Tabora mwaka jana. Kwa miaka tulikuwa tukikutana misibani na kwenye vikao vya harusi. Kundi letu la WhatsApp lilijaa majina na tarakimu: fulani elfu ishirini, fulani elfu kumi, fulani ahadi. Tulizikana na kuozana vizuri sana, hilo silikatai. Lakini kukaa pamoja bila jeneza wala daftari la michango, hapana. Siku tuliyomzika mama yake nesi, jioni tukiwa tumebaki wachache chini ya turubai, aliinua kichwa akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Jamani, ndiyo mpaka afe mtu?"

Hakuna aliyemjibu. Wiki mbili baadaye fundi akaja na habari ya nukta, mchezo wa kukutana mahali panapopatikana kwa bahati nasibu.

Mchezo huu duniani unaitwa jiohashingi. Chanzo chake ni katuni aliyoichora Mmarekani Randall Munroe mwezi Mei 2008. Unachukua mraba mmoja wa ramani, wa digrii moja kwa digrii moja, ule unaoishi ndani yake. Kisha unachukua tarehe ya siku, unaiunganisha na namba ambayo soko la hisa la New York limefungulia, ile ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa ya Marekani, na unavipitisha vyote kwenye kanuni ya kompyuta iitwayo MD5. Fundi alitueleza MD5 kwa mfano wa mashine ya kusaga. Ukiingiza mahindi yale yale, unga ni ule ule. Ukibadilisha punje moja, unga wote unatoka mwingine kabisa, na hakuna awezaye kuurudisha unga uwe mahindi. Unga huo ndio unaotoa desimali za latitudo na longitudo. Kwa hiyo hakuna anayepachagua mahali, wala hakuna anayeweza kupajua wiki moja kabla. Sisi wa upande huu wa dunia tunatumia namba ya soko ya siku iliyotangulia, hivyo nukta ya Jumamosi tunaipata Ijumaa jioni. Desturi ya tangu mwanzo ni kukutana hapo Jumamosi saa kumi alasiri.

Kilichonivuta mimi ni lile la kutochagua. Sisi tukipanga kukutana, lazima atokee mwenye shughuli, na wengine wote wawe wageni wake wanaodaiwa. Kwenye nukta hakuna mwenye shughuli.

Mraba wetu unaanza digrii 4 hadi 5 kusini, na 29 hadi 30 mashariki. Ni kama kilomita 111 kila upande. Ukiutazama kwenye ramani ndipo unapojua tunaishi wapi: sehemu kubwa ni Ziwa Tanganyika, kaskazini kuna kipande cha Burundi, magharibi ng'ambo ya maji kuna Kongo, na ukanda unaobaki ndio wetu. Nukta yetu ya kwanza ilianguka katikati ya ziwa. Ya pili ikavuka mpaka wa Burundi. Ya tatu ziwani tena. Muuza dagaa akasema hapo anapajua, huvua hapo usiku wa giza, lakini mimi kwenye mtumbwi wa karabai sipandi. Ya nne iliingia ndani ya hifadhi ya Gombe, ambako huendi kutangatanga, ni kwa kibali na kwa kuongozwa. Kila mara tulikaa ufukweni Katonga tukala migebuka ya kuchoma, tukitazama upande nukta iliko. Hata hizo sizihesabu kuwa zimepotea.

Ijumaa iliyopita namba zikatoka: 4.72 kusini, 29.75 mashariki, nikiziacha tarakimu zinazofuata. Nchi kavu! Tena ni milimani, upande wa barabara ya Manyovu. Wakati huo huo mwalimu naye akawa na yake, kwa sababu desimali ni zile zile kwa kila mraba duniani, inabadilika namba kamili tu. Ya kwake ikawa 5.72 na 32.75, kusini kidogo ya Sikonge. Alipiga simu anacheka kama mtoto. Nukta yake na yetu zimekaa pahali pale pale, kila moja ndani ya mraba wake.

Tulipanda hiace asubuhi hadi Mwandiga, pale barabara ya Kasulu na ya Manyovu zinapoachana, tukakamata nyingine ya kupanda milimani. Tukashuka mahali pasipo na kituo. Bodaboda zikatushusha bondeni mpaka njia ilipokwisha, tukaendelea kwa miguu. Nimekulia Ujiji, mitaa michache tu kutoka kwenye makumbusho ya Livingstone, na utotoni niliona wageni wengi wakishuka kwenye magari kuja kupaona mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Walijua wamefuata nini. Mimi nina miaka thelathini na minne, na bonde hili lililo mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu sikuwa nimewahi kulikanyaga. Vijito vyake vinashuka kwenda mto Luiche, na Luiche ndio unaonywesha mpunga ninaoula tangu nizaliwe.

Nukta ilikuwa katikati ya michikichi. Chini ya makuti simu ikawa inayumba: mita tisa, mita nne, mita kumi na mbili. Tukawa tunazunguka na simu mikononi, huyu anarudi nyuma hatua mbili, yule anasogea kushoto. Tulikuwa tumeingia shamba la mtu bila hata kubisha hodi. Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi jana.

Kijana mmoja akatokea na panga, anatoka kushusha mikungu. Hakuamkia. Aliuliza, "Mnapima nini?"

Fundi akamwonyesha simu, ile ramani na kile kidoti. Akawa ameharibu zaidi. Kijana aliita kwa sauti, na kutoka upande wa moshi akaja bibi, mwembamba, kanga ameifunga kifuani, mikono myekundu hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kawatuma?"

Hatujatumwa, bibi. Akasema huku haji mtu ambaye hakutumwa. Akatusimulia kwamba walikuja watu na kifaa chao, wakasimama kwenye shamba la jirani, wakapaka jiwe rangi nyekundu, wakaondoka. Mpaka leo hakuna aliyerudi kueleza rangi ile ni ya nini. Jirani hapati usingizi, amelima pale tangu baba yake. Bibi aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na nikaona jinsi tulivyoonekana machoni pake: watu wanne wa mjini, viatu safi, wanahesabu mita kwenye ardhi yake.

Nikapiga goti. Sikulipanga goti lile. Nilimwomba radhi kwa kuingia bila hodi, nikamwambia hatupimi, hatununui, hatuandiki ardhi ya mtu. Sisi ni marafiki tumekuja kukutana, na mahali pa kukutania hatukupachagua sisi, pamepatikana kwa bahati nasibu.

Akafikiri. "Kama kura?"

"Kama kura, bibi."

"Na kura imeniangukia mimi."

Hakutabasamu bado. Alimtuma mjukuu akamwite mwenyekiti wa kitongoji, akatuambia zile simu tuziweke mifukoni. Mwenyekiti alipofika tulijieleza upya, akaandika majina yetu kwenye daftari pamoja na mitaa tunakotoka, akatutaka tuseme mara ya pili kwamba hatutaweka alama yoyote. Tukasema. Hapo ndipo bibi aliporudi kwenye mawese yake, na kwa kuwa saa kumi ilikuwa bado mbali, tukamfuata.

Nimekula mawese maisha yangu yote na sikujua kazi yake. Chikichi zilikuwa zimekwisha kupukuchuliwa kutoka kwenye mikungu na kuchemshwa ndani ya pipa tangu alfajiri. Zinaingizwa za moto kwenye mashine ya kukamulia, nayo haina injini: ina mti mrefu mlalo, watu wanausukuma kwa kuzunguka, wanazunguka na kuzunguka mpaka ardhi pale imekuwa njia laini, imedidimia. Bibi alitupanga wawili wawili. Mzunguko wa kwanza ni mwepesi. Kufikia wa ishirini kifua kinakataa. Kisha chini ya mashine tundu linaanza kudondosha, mwanzo maji ya kahawia, halafu uzi mwembamba wa rangi ya machungwa, unanenepa, unang'aa, na harufu yake inapanda hadi kooni. Kijana yule wa panga alikuwa upande wangu wa mti. Tulizunguka naye hatusemi, mpaka aliponiambia, "Dada, sukuma kwa paja, usisukume kwa mgongo." Ushauri huo umeniokoa.

Bibi alitupakulia ugali wa muhogo na maharage yenye mawese yale yale, bado vuguvugu. Mwenyekiti akala nasi.

Saa kumi kasoro tukamwomba ruhusa, safari hii kama inavyotakiwa, kwenda kusimama kwenye nukta. Akasema atakuja aione. Simu ikatupeleka hatua chache kutoka kwenye mchikichi mzee ulioinama, shina lina makovu ya makuti ya miaka mingi na makangaga yameota kwenye makovu. Bibi akauliza ndiyo hapa? Ndiyo hapa. Akaligusa shina akatwambia mti ule aliupanda mama mkwe wake, na kwamba kitovu cha mtoto wake wa kwanza kimezikwa hapo. Mtoto huyo hayupo tena. Nesi akamshika mkono, wakasimama hivyo hivyo. Mimi nilikuwa natazama chini, kwenye majani makavu na kokwa mbili zilizotafunwa na panya.

Saa kumi kamili mwalimu akatuma picha kutoka Sikonge. Miti ya miombo, na juu ya mmoja mzinga wa nyuki umening'inizwa, mzinga wa gome. Akaandika: nimebisha hodi kwa warina asali, wamenipa sega. Yeye alianza na hodi. Nilimwonyesha bibi picha, akaitazama muda mrefu, akauliza kwa nini huyo yuko peke yake. Nikamweleza kuhamishwa. Akasema, "Mwambieni akija likizo, kura imekwisha kuanguka hapa, asingoje nyingine."

Tulirudi jua likiwa bado liko juu. Kigoma saa kumi na mbili jioni ni mchana. Kwenye hiace hatukuzungumza sana. Fundi ndiye aliyeanza: kuanzia sasa, tukifika tunamtafuta mwenyekiti, kisha mwenye shamba, kisha ndiyo simu itoke mfukoni. Na tukikataliwa tunashukuru na kurudi, hata kama zimebaki mita kumi. Tumekubaliana wote. Nesi akaongeza kwamba ile picha ya kidoti chenye namba zote tusiirushe popote, shamba ni la watu. Ndiyo maana hapa nimeandika desimali mbili tu.

Bibi alitupa chupa ya lita moja na nusu, alikataa katakata tuichukue bure na akakataa katakata tulipe bei ya mjini, ikabidi tukubaliane katikati. Nimeiweka dirishani jikoni. Leo asubuhi nilikuta imeganda nusu, chini njano nzito, juu nyekundu. Jua lilipofika ikayeyuka taratibu.

Nimempigia mwalimu. Likizo yake inaanza Juni, na ameshauliza nauli ya treni.