Mechi kumi, tumeshinda mbili

Juzi nafua jezi za timu ya chuo chetu hapa Tabora, mi ndo mtunza vifaa wao miaka mingi sasa, ile namba 5 imechanika begani kwa mara ya tatu na uzi wa kijani nimeishiwa nikashonea mweusi, mara kapteni akaja, akapindua ndoo akakaa hapo chini ya mwembe. Shikamoo anko. Marahaba. Kimya. Halafu akasema anko mi naacha mpira.

Msimu huu tumecheza mechi kumi, tumeshinda mbili, tumefungwa nane. Akipita Kanyenye watu wanamnyooshea vidole nane hewani, na yeye ndo alikuwa anakimbia uwanja mzima kuziba mapengo ya wenzake! Iliniuma sana aisee.

Nikamwambia kaa hapohapo nikupe habari ya Notre Dame ya mwaka 1956. Hicho ni chuo cha Marekani, na futiboli yao ni ile ya kubeba mpira wenye umbo la papai na kuangushana. Miaka ile baada ya vita kuu ya pili Notre Dame walikuwa watisha kwelikweli, chini ya kocha Frank Leahy walichukua ubingwa wa nchi 1946, 1947 na 1949. Akaja kijana Terry Brennan, amepewa timu ana miaka 25 tu, akaanza vizuri, ila 1956 mambo yakaharibika. Mechi kumi, wameshinda mbili, wamefungwa nane. Kama sisi vilevile! Oklahoma waliwapiga 40-0, Michigan State 47-14, Iowa 48-8, na msimu wa kufungwa zaidi ya kushinda walikuwa hawajauona tangu 1933.

Sasa humo ndani alikuwemo Paul Hornung, jezi namba 5. Huyu alikuwa anarusha mpira, anakimbia nao, anapiga mateke, na wapinzani wakiwa na mpira yeye huyohuyo anarudi kukaba. Mechi ya mwisho na USC, chuo cha kule Los Angeles, vidole gumba vyake vyote viwili vilikuwa vimeumia, kurusha hawezi, basi akadaka mpira wa kuanzishia akakimbia nao yadi 95 mpaka mwisho wa uwanja. Na bado walifungwa 28-20.

Mwaka huohuo akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Wa pili kwenye kura alikuwa Johnny Majors wa Tennessee, timu ambayo mechi zake kumi za msimu ilishinda zote. Jim Brown akawa wa tano, Jim Brown yule aliyekuja kuwa gwiji wa mpira huo! Mpaka leo hakuna mwingine aliyepata Heisman akiwa kwenye timu iliyofungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Mi naona walimpigia kura sawasawa kabisa, maana mtu unamjua pale timu inapozama, timu ikiwa inashinda kila mmoja anaonekana hodari.

Kapteni akauliza, na wale Oklahoma waliendelea tu kutamba?

Waliendelea mpaka wakafika mechi 47 mfululizo bila kufungwa wala sare. Halafu tarehe 16 Novemba 1957 Notre Dame wakawafuata kwao Norman, mechi ikaenda 0-0 karibu yote, zimebaki kama dakika nne Dick Lynch akazunguka na mpira upande wa kulia akaingia nao. 7-0. Mfululizo ukaishia hapo, mbele ya watu wao wenyewe.

Hornung alikuwepo?

Nikamwambia hapana, alishamaliza chuo, alikuwa Green Bay anacheza mpira wa kulipwa. Waliokuwepo ni wadogo zake, na baadhi yao ni walewale waliokula zile 40.

Akatulia, akawa anaangalia kamba ya nguo.

"Anko, hiyo ya kwangu itakuwa imekauka saa kumi?"