Dakika 5 bila karatasi

Jana usiku nilisimama mbele ya watu nikasimulia siku niliyochelewa kumwona baba hospitalini kwa nusu saa tu. Hadithi ya kweli, yangu mwenyewe, bila karatasi mkononi. Mpaka sasa mwili bado unanisisimka.

Utaratibu ni ule uliopata umaarufu kupitia The Moth, kundi la kusimulia hadithi za kweli jukwaani alilolianzisha mwandishi George Dawes Green huko New York mwaka 1997: mada moja, majina yanachomolewa kwa bahati nasibu, kila mtu dakika 5. Kusoma hakuruhusiwi. Mimi nilikuwa nimekariri kila neno, na hapo ndipo nilipokosea, maana sentensi ya pili ilinitoka kichwani na ukumbi mzima ukanyamaza ukinisubiri. Nikayaacha maneno niliyoyapanga. Nikaanza na viatu vya baba, vilivyokuwa chini ya kitanda, vimepangwa vizuri kama kawaida yake. Mengine yote yakaja yenyewe.

Kwa maoni yangu, kariri mwanzo na mwisho tu. Katikati lirudie tukio lenyewe akilini na ulisimulie unavyoliona. Na kidonda kibichi usikipandishe jukwaani. Mimi nilisubiri miaka 6, na bado sauti ilinikatika.

Niliposhuka, mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Vile viatu viko wapi sasa, mwanangu?"

Ninavyo, mama. Viko chini ya kitanda changu.