Badami hadi Kanchipuram: kuwafuata Wachalukya kwa maandishi ya mawe

Kituo cha treni cha Badami kiko kilomita 5 hivi nje ya mji, kwa hiyo mtu akishuka hana budi kutafuta bajaji. Tulifika alfajiri, kabla jua halijapanda, na hivyo ndivyo inavyofaa, hata Desemba. Mji umebanwa kati ya magenge mawili ya mawe mekundu ya mchanga, na katikati kuna ziwa la Agastya, ambalo ukingo wake wa magharibi umejengwa ngazi ndefu za mawe wanapofulia nguo. Hapa, kusini mwa India, katika jimbo la Karnataka, ndipo Wachalukya, ukoo wa wafalme, walipokuwa na makao yao tangu mwaka 543 hadi 753 hivi. Enzi hizo mji uliitwa Vatapi.

Wageni wengi huanzia Pattadakal, kwa sababu iko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 1987. Ni kosa. Anayeanzia huko huona kuta nzuri bila kujua nani alikuwa anapigana na nani. Sisi tulifuata tarehe zilizochongwa: kwanza Badami, kisha Aihole, kisha Pattadakal, na mwisho Kanchipuram, mji wa Wapallava waliokuwa mahasimu wao. Safari hii haikamiliki bila huo mji wa adui.

Tarehe za mawe haya zimeandikwa kwa mwaka wa Saka, kalenda ya kale ya India. Jumlisha 78 upate mwaka wetu. Tahadhari ni moja: mwaka wa Saka huanza karibu na Machi, kwa hiyo jiwe linaweza kuangukia miaka miwili ya kwetu, na ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kutaja 634 na 635 kwa jiwe lilelile bila hata kimoja kukosea.

Jiwe la kwanza liko kwenye genge la ngome. Ni mwaka wa Saka 465, yaani 543. Pulakeshin wa Kwanza anasema ameufanya mlima wa Vatapi kuwa ngome isiyoshindika, kutoka juu wala kutoka chini. Ukisimama pale unaelewa alichomaanisha: juu genge limesimama wima, chini kuna maji, na njia ya kupanda ni mpasuko mwembamba wa mwamba. Anataja pia kwamba ametoa kafara ya farasi, ibada ambayo mfalme aliifanya kutangaza kwamba hayuko chini ya mfalme mwingine.

Upande wa kusini wa ziwa kuna mapango manne yaliyochongwa na mikono ya watu. La kwanza ni la mungu Shiva, na nje yake, upande wa kulia, Shiva anacheza ngoma akiwa na mikono 18. La pili na la tatu ni ya mungu Vishnu, la nne ni la Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India. Muda wetu mwingi tuliupeleka pango la tatu, kubwa kuliko yote, kwa sababu lina tarehe: Saka 500, mwezi mpevu wa Kartika, mmoja wa miezi ya Kihindi, mwishoni mwa mwaka 578. Maandishi yako barazani. Mangalesha anasema amelichimba pango hili, na thawabu yake anampa kaka yake, mfalme Kirtivarman.

Kuyasoma kunahitaji tochi. Usiimulike herufi uso kwa uso, maana zitapotea kabisa. Ilaze tochi karibu na ukuta ili mwanga upite kwa ubavu, na kila mfereji wa herufi utajaza kivuli chake. Usizipake chaki ili picha itoke vizuri. Chembe za chaki huingia kwenye vinyweleo vya jiwe na hazitoki. Jiwe hili ni laini, na ulaini huo ndio uliowawezesha wachongaji kutoa hata ushanga mmojammoja kwenye mkufu. Ndio pia unaoliponza: maji hupanda kutoka chini, tabaka la juu hubanduka, na sanamu hupoteza miguu kabla ya uso. Chakula kiache chini, kwani nyani wa ngazi za mapango hunyakua mfuko wowote wenye harufu.

Aihole iko kilomita 35 hivi kutoka Badami, na basi la serikali hupita. Mjini kuna hekalu maarufu ambalo nyuma yake limeviringwa nusu duara, linaloitwa hekalu la Durga. Waongozaji wengine husema ni la mungu wa kike Durga. Sivyo. Jina limetokana na neno la ngome, kwa kuwa ngome iliungana nalo. Lilijengwa kwa ajili ya Surya, jua. Tuliliacha mapema, tukapanda kilima cha Meguti, juu kabisa, kwenye hekalu la Wajaini ambalo halina mapambo ya kumvuta mpiga picha.

Ukutani, upande wa mashariki, kuna bamba la mwaka wa Saka 556, yaani 634. Mwandishi ni Ravikirti, Mjaini, mshairi wa Pulakeshin wa Pili. Kwa Kisanskriti anaeleza jinsi bwana wake alivyomzuia Harsha, mfalme mkuu wa kaskazini, na anacheza na jina lake: Harsha maana yake ni furaha, basi Harsha akapotewa na harsha kwa hofu. Halafu anajilinganisha na Kalidasa na Bharavi, washairi wakubwa wa Kisanskriti. Majigambo hayo yamewafaa sana wanahistoria wa fasihi, kwani tarehe ya Kalidasa ilikuwa ya kubahatisha. Kwa bamba hili, angalau inajulikana kwamba kufikia 634 alikuwa ameshakuwa mtu wa kujigambia.

Ila kilichotugusa zaidi ni habari za Mangalesha. Yule wa pangoni, aliyempa kaka yake thawabu, ndiye aliyeshika kiti kaka alipokufa, akataka kumrithisha mwanawe badala ya Pulakeshin wa Pili, mtoto wa kaka. Ravikirti anasema alipoteza yote kwa pamoja: mpango wa mwanawe, ufalme na maisha. Kati ya pango na kilima hiki ni miaka 56 tu.

Chakula cha mchana cha huku ni mkate wa mtama na biringani zilizojazwa viungo. Unga wa mtama hauvutiki kama wa ngano, kwa hiyo hukandwa kwa maji ya moto na kupigwapigwa kwa kiganja mpaka uwe mwembamba. Ukikandwa kwa maji baridi, pembeni hupasuka. Mtama wenyewe ulitoka Afrika, maelfu ya miaka iliyopita.

Kutoka Aihole hadi Pattadakal ni kilomita 13 hivi. Ila kabla ya kwenda huko, lazima ujue yaliyotokea 642. Mfalme Narasimhavarman wa Wapallava aliiteka Vatapi, ngome isiyoshindika, na akachongesha maandishi yake kwenye mwamba palepale Badami, nyuma ya hekalu dogo. Yamechakaa, yanahitaji tochi na subira. Wachalukya waliporudi mjini, miaka zaidi ya kumi baadaye, chini ya Vikramaditya wa Kwanza, walikuwa na patasi na wachongaji wengi. Jiwe la adui hawakulifuta.

Pattadakal, kando ya mto Malaprabha, ndipo walipotawazwa wafalme. Mahekalu yamesimama bega kwa bega kwa mitindo miwili: Galaganatha lina mnara uliopinda kama wa kaskazini, Virupaksha lina paa la ngazi kama la kusini. Virupaksha lilijengwa na malkia Lokamahadevi kwa sababu mumewe, Vikramaditya wa Pili, aliishinda Kanchi, yaani Kanchipuram, mara tatu. Mdogo wake Trailokyamahadevi, naye mke wa mfalme huyohuyo, alijenga la pembeni. Hata jina la fundi mkuu limechongwa, Gunda, pamoja na cheo alichopewa. Ibada bado inafanyika, kwa hiyo viatu huachwa nje. Beba soksi, maana saa saba mchana sakafu ya mawe huunguza nyayo.

Kwenda Kanchipuram tulipanda treni ya usiku hadi Bengaluru, kisha basi, kilomita 270 hivi. Hekalu la Kailasanatha hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri. Asubuhi ni bora. Ukimuuliza mlinzi habari za maandishi atakuonyesha ya Wapallava, ambayo yamejaa ua mzima. Mwambie unataka nguzo ya ukumbini, mgongoni mwake.

Herufi pale ni za Kikannada, lugha ya Badami, katikati ya nchi ya Kitamil. Zinasema kwamba Vikramaditya, baada ya kuiteka Kanchi, aliuona utajiri wa hekalu hili na hakuuchukua, alimrudishia mungu. Mwishoni zinamlaani yeyote atakayezifuta. Wapallava walirudi kwenye mji wao na kutawala zaidi ya miaka mia nyingine, wakisali kwenye ukumbi huohuo. Tuliilaza tochi kwenye nguzo, tukazihesabu zilizo wazi mpaka mstari wa laana. Upo.