Kuachia Makavazi Urithi: Wosia Usikwame Njiani

Makavazi (makumbusho) ya Kitale, nchini Kenya, yapo kwa sababu ya wosia. Luteni Kanali Stoneham, aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu maisha yake yote, alifungua makavazi yake binafsi mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966, aliachia makavazi ya taifa mkusanyiko wake pamoja na fedha za kujenga jumba jipya, na jumba hilo likafunguliwa Desemba 1974. Wengi wanaotamani kufanya kama yeye huacha vitu bila senti ya kuvitunza.

Cha kwanza ni jina. Makavazi ya Kisumu, Kitale au Hyrax Hill hayamiliki mali kwa jina lake. Mwenye mali kisheria ni shirika la National Museums of Kenya, kwa hiyo wosia utaje jina hilo kamili, kisha uongeze "kwa matumizi ya Makavazi ya Kisumu". Kuandika "makavazi ya hapa mjini" ni kuwafungulia warithi mlango wa kubishana.

Kabla ya kumwona wakili, mwone mhifadhi, yaani mtunzaji wa mkusanyiko wa makavazi. Makavazi hayalazimiki kupokea kila kitu. Nafasi ya stoo ni haba, na pengine tayari wanavyo vitu vya aina hiyo. Kinachokipa kitu thamani ni historia yake. Chukua mfano wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo: nani aliichonga, kijiji gani, ngozi ni ya mnyama gani, ilipigwa matangani au harusini, ilikufikiaje. Ukurasa mmoja wenye majibu hayo unatosha, lakini uandikwe ungali hai, maana watoto huenda wasijue hata nusu. Piga picha mbele, nyuma na ubavuni, rula ikiwa kando. Kagua chini ya mbao: ungaunga laini ni dalili kwamba kuna wadudu wanaotoboa, na kitu hicho kitengwe na vingine. Usipake vanishi wala mafuta. Rangi mpya hufunika alama za mikono ya waliokitumia. Kifunge kwa kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki, kwani unyevu ukinaswa ndani, ngozi huota ukungu.

Kuna pia vitu usivyoweza kurithisha. Vya kale vinavyofukuliwa shambani ni mali ya serikali chini ya sheria ya makavazi na turathi ya 2006, hivyo toa taarifa badala ya kuviweka kwenye wosia. Kofia ya mzee yenye meno ya kiboko au ngozi ya chui inahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Bila hicho, zawadi yako itakuwa kesi.

Wosia wenyewe si mgumu. Utie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, kila mmoja akikuona ukitia au ukikiri sahihi yako, nao watie zao. Shahidi anayeachiwa kitu, au mume au mke wake, hupoteza zawadi hiyo isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Wosia wa mdomo una nguvu tu ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili na msemaji akafariki ndani ya miezi mitatu. Kuoa au kuolewa baadaye hufuta wosia, ila kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo.

Kwa pesa, tunapendekeza asilimia ya kinachobaki baada ya madeni. Shilingi laki moja za leo zitakuwa zimepungua nguvu kufikia siku ya kusomwa wosia. Madeni hulipwa kwanza, na mahakama inaweza kuwapa wategemezi sehemu yao ikiona umewasahau, kwa hiyo watunze vya kutosha na uwaambie mapema.

Usiweke sharti la "kionyeshwe daima". Hilo ndilo huwafanya wahifadhi wakatae. Andika ni ombi lako, kisha taja nani apokee makavazi yakikataa, mathalani maktaba ya chuo kikuu. Ukikiuza au kukigawa kitu ulichokitaja, zawadi hiyo hufa nacho, hivyo badilisha wosia mara moja.

Baada ya kifo, msimamizi wa wosia huomba mahakamani hati ya kumpa mamlaka juu ya mali, ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 kupinga. Kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita, ndipo mali hugawanywa. Kuigawa kabla ya kupewa mamlaka ni kosa la jinai, hata kama jamaa wote wamekubaliana. Muda huo wa kusubiri, msimamizi ampe mhifadhi nakala ya ukurasa wa historia na kukiweka kitu mahali pakavu, pasipofikiwa na panya.